Mawazo ya Mungu na Deni la Maternite

 

Leo mazungumzo yetu hapa redioni ni juu ya mtu: ametoka wapi, na thamani yake inatoka wapi. Najua wengine wameshaanza kuguna. Mambo hayo si yalimalizwa katika katekisimu? Yalimalizwa. Simama Jumapili kwenye barabara yoyote ya komini yetu ya Kampemba, hapa Lubumbashi, umsimamishe Mkatoliki anayetoka misa, na Mmetodisti, na Mkimbangu, na yule wa kanisa la uamsho lililofunguliwa juzi chini ya mabati, ndani ya lupango la jirani. Waulize wote mtu ametoka wapi. Watakujibu: kwa Mungu. Sijui kama kuna jambo lingine ambalo makanisa yetu yanalikubali kwa pamoja bila kuitisha mkutano.

Basi hilo tuliache, limeshapita. Kinachonisumbua ni swali linalolifuata. Hicho mtu alichopewa na Mungu, kinaweza kuongezeka? Kinaweza kupungua? Aliyezaa watoto kumi anacho zaidi kuliko aliyekosa hata mmoja? Aliyelipa anacho zaidi kuliko mwenye deni? Hapo umoja wetu unavunjika. Mdomo unasema hapana, mikono inasema ndiyo.

Tuanze na kitabu kilichotoka hapa hapa mjini. Mwaka wa 1945, wakati Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, wachapishaji wa Lovania walitoa kitabu cha padri Mfransisko wa Ubelgiji, Placide Tempels, kiitwacho La philosophie bantoue. Tempels alikuwa amefika Kongo mwaka wa 1933, na kwa miaka mingi aliishi kati ya Waluba wa Katanga. Alikutana na jambo ambalo kila mmisionari alikutana nalo: mchana watu wanaitika sala, jioni wanaelekea kwa mganga. Wenzake wengi walihubiri kwa sauti kubwa zaidi. Yeye akaanza kuuliza maswali.

Alichokisikia, kadiri alivyokiandika, ni hiki. Kwa Mluba, kuwa ni kuwa na nguvu ya uzima. Nguvu hiyo inatoka kwa Muumba, ambaye wazee wanamwita Shakapanga, Leza, Vidye Mukulu. Inapita kwa mababu, inashuka kwa wazazi, inamfikia mtoto. Ndiyo maana mtoto hapewi jina la kuokota tu. Kuna jina la ndani, jina la mzee wa ukoo, linalomngoja kabla hajaona jua. Ndiyo maana baraka ya baba unaisikia mwilini, na laana yake inakulaza kitandani. Na nguvu hiyo inapanda na kushuka. Mtu anaweza kuwa mtu zaidi, na anaweza kuwa mtu kidogo.

Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza Kanisa la Katanga kwa mkono mzito, hakukipenda kitabu hicho hata kidogo. Tempels alirudishwa Ubelgiji mwaka wa 1946 na akakaa huko mpaka 1949. Mshairi wa Martinique, Aimé Césaire, naye alikishambulia mwaka wa 1950, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Ukiyafupisha maneno yake, alikuwa anacheka: heshimuni tu nguvu ya uzima ya Mbantu, basi, habari ya mishahara na nyumba nzuri itangoja. Césaire alikuwa mkali, pengine kupita kiasi, lakini alijua mahali pa kupiga. Kitabu juu ya uzima wa Mwafrika kilikuwa kimetoka katika mji wa kampuni.

Ninaposema kampuni, hapa kwetu sina haja ya kuitaja kwa jina, ila kwa ajili ya vijana: Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ambayo baadaye tuliirithi tukaiita Gécamines. Mwanzoni kampuni ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa, wengi walikimbia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili hesabu: mfanyakazi aje na mke, wakae kambini, wazae hapo hapo. Zikajengwa maternite, watoto wakapimwa uzito, mama akapewa mgao wa chakula. Wazee wetu bado wanausifu wakati ule, na siwakatazi, kwa sababu watoto wengi waliokoka. Lakini yule mtoto aliyelala kwenye mzani alikuwa na thamani gani machoni mwa aliyeshika kalamu? Alikuwa mfanyakazi wa kesho, anayekulia mlangoni, wa gharama nafuu kuliko wa kwenda kutafutwa Rwanda au Kasai.

Baba yake alipodai mshahara, jambo hilo likaonekana wazi. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni waliokuwa wamegoma walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa mji huu, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, na mmoja wa waliotangulia ni karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Mzani wa maternite na bunduki ya uwanjani vilitoka katika daftari moja.

Katika kambi kama hizo, upande wa Kolwezi, ndiko Tempels alikopelekwa aliporudi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kati ya wachimbaji wa shaba na wake zao, ikazaliwa Jamaa. Wazee mnaikumbuka, ninyi vijana ulizeni nyumbani, huenda mkakuta babu yenu alikuwa mmoja wao, maana ilienea miji yote ya shaba na ikafika Kasai. Halikuwa kanisa jipya. Walikuwa Wakatoliki, mume na mke wakiingia pamoja, wakikutana baada ya kazi, wakifundishana kwa Kiswahili hiki chetu cha Katanga. Mafundisho yao yalisimama juu ya mambo matatu ambayo kila mwanajamaa aliyajua kwa moyo: uzima, uzazi, mapendo. Mtu anataka kuishi, anataka kuzaa, anataka kupenda na kupendwa, na huwezi kumkata mtu vipande ukampa kimoja ukamnyima kingine.

Juu ya chimbuko la mtu walikuwa na fundisho ambalo mpaka leo sijamsikia mhubiri akilizidi. Walisema kwamba mtu alikuwa kwanza ndani ya mawazo ya Mungu. Kabla ya dunia, kabla ya milima, Mungu alikuwa amekwisha kumwaza. Nabii Yeremia anasema jambo la namna hiyo juu yake mwenyewe katika sura ya kwanza ya kitabu chake, na Zaburi ya 139 inalizunguka kutoka pande zote, kwa hiyo Jamaa haikulibuni. Lakini angalieni lilisemwa wapi, na kwa nani. Lilisemwa kambini, kwa mwanamume aliyeitwa kazini kwa namba. Daftari la kampuni lilimwanzisha siku alipoandikishwa. Jamaa ikamwambia: umeanza zamani kuliko kampuni, zamani kuliko Mfalme Leopold, zamani kuliko shaba unayoichimba. Ukinyimwa nyumba, ukinyimwa mshahara, ukipigwa teke na kapita, hakuna aliyeweza kufika kule ulikoanzia akakufuta.

Hilo ni kubwa. Pamoja na hayo sitaisifu Jamaa mpaka mwisho. Jambo lake la pili, uzazi, lilikuwa na mwiba. Wenyewe waliuona, wakajibu kwamba kuna kuzaa kwa roho: mume na mke wanaowaingiza wengine katika Jamaa wamewazaa, nao wanaitwa baba na mama. Ni jibu zuri, limewafuta wengi machozi. Ila bado linamwambia mwanamke tasa kwamba lazima azae kitu fulani, huku au kule, ili awe mtu kamili. Na katika familia zetu tunajua mama asiyezaa anavyotazamwa siku ya kilio cha mume wake. Tunajua ni nani wanaotoka na magodoro na televisheni kabla bukari ya kilio haijaiva.

Hapa ndipo ninapoachana na Tempels, na kwa heshima zote, na wazee pia. Ikiwa uzima una ngazi, thamani nayo itapata ngazi, na mwenye nguvu ndiye atakayeziweka. Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza. Mtu anaumbwa kwa mfano wa Mungu katika aya ya 27. Baraka ya kuzaa na kuijaza dunia inafuata katika aya ya 28. Wale wawili walikuwa mfano wa Mungu wakiwa hawana mtoto hata mmoja, hawana shamba, hawana kazi, hawajafanya lolote la kusifiwa. Sura ya 9, baada ya gharika, inakataza damu ya mtu isimwagwe, na sababu inayotolewa ni ile ile, mfano wa Mungu. Haitafuti kwanza kama aliyeuawa alikuwa na faida.

Mtu mmoja wa zamani aliliona jambo hili mpaka ndani. Ni askofu Gregori wa Nisa, huko Kapadokia, sehemu ya Uturuki ya leo, katika karne ya 4. Alikuwa anakieleza kitabu cha Mhubiri, akafika pale mwandishi anapojisifu kwamba alijinunulia watumwa na wajakazi. Gregori akasimama hapo hapo, akamgeukia yule mnunuzi. Ulihesabu senti ngapi, akamuuliza, kwa kumlipia mfano wa Mungu? Na kama dunia yote haitoshi kuwa bei yake, hati uliyoandikiwa ina kazi gani? Wahubiri wengi wa wakati ule waliwaomba mabwana wawe wapole kwa watumwa. Gregori aliugusa ununuzi wenyewe, na hayo si mahubiri yaliyosikika mara nyingi katika karne zilizofuata.

Kule Bunkeya, kwa mfano, hayakusikika mapema. Mtawala wa huko, Msiri, ambaye asili yake ni Unyamwezi, aliutajirisha mji ule kwa shaba, pembe za ndovu na watu. Misafara ya Waovimbundu ilitoka upande wa Benguela, mingine ilitoka mashariki. Mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot alifika huko Februari 1886, akahubiri habari za Mungu aliyemwumba mtu, katika mji ambamo mtu alikuwa na bei inayojulikana. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold. Soko lile lilifungwa kwa bunduki, na haikupita miaka mingi mtu akapewa bei nyingine, ya mkataba wa kazi.

Tuje kwetu, leo.

Pale Tshamilemba, ndani ya komini yetu, watu wanaishi karibu kabisa na kiwanda cha kuchakata shaba na kobalti. Vumbi na maji machafu wanayajua bila kuambiwa na profesa. Lakini maprofesa nao wamesema. Mwaka wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa katika jarida The Lancet Planetary Health matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika maternite za mji huu. Waliwalinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana kwa macho na watoto waliozaliwa bila kasoro. Katika yote waliyoyapima, lililoambatana zaidi na kasoro hizo lilikuwa kazi ya baba, ikiwa ni kazi inayohusiana na migodi. Nisieleweke vibaya: hawakusema kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa hivyo. Walisema hatari inakuwa kubwa zaidi.

Sasa mtoto kama huyo akizaliwa katika lupango letu, swali la kwanza la familia ni lipi? Ametoka wapi huyu? Nani amemtuma? Shangazi mmoja anatazamwa kwa jicho la pembeni, mama naye anaulizwa alikula nini, alikanyaga wapi, alimkosea nani. Sote tunaoimba Jumapili kwamba mtu ametoka kwa Mungu, siku hiyo tunamtafutia mtoto chimbuko lingine. Sura ya 2 ya Mwanzo inasema Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia pumzi. Wahubiri wetu wanaipenda ile pumzi na kuyaruka mavumbi. Katanga hatuna ruhusa ya kuyaruka. Hapa mavumbi yanaingia kwa pumzi ile ile, nayo yana kobalti ndani. Mchungaji anayetaka kujua nani amemdhuru yule mtoto asimtazame shangazi. Atazame ng'ambo ya ukuta wa kiwanda.

Na wale wanaokua wakiwa wazima wa viungo nao hawajaepuka swali hilo. Baba anafukuzwa kazi, mdogo anaugua, nabii fulani anafunga macho na kumwonyesha kidole mtoto wa miaka saba: huyu ndiye mulozi, mchawi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, yaani yule ambaye sahani yake ilikuwa imeanza kuhesabiwa. Analazwa njaa siku kadhaa wakisema wanamkomboa, kisha anaishia barabarani. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mji huu mwaka wa 1911, wana nyumba za kuwapokea watoto wa barabarani, na wanaoishi nao watawaambia ni wangapi kati yao walitoka nyumbani wakiwa na jina hilo la mulozi.

Serikali imeshasema. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa mwenye kumtuhumu kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu pamoja na faini. Nabii aliyefungwa kwa kifungu hicho ni nadra kumsikia, lakini hilo niwaachie wanasheria. Mimi nina shitaka la kanisani. Anayemwambia mtoto kwamba uzima ulio ndani yake umetoka kwa shetani, amelikana fungu la kwanza kabisa la imani, lile la Muumba wa vyote. Tunawatenga watu kanisani kwa kuoa wake wawili, kwa kunywa lutuku. Kwa uzushi huu tunawapa kipaza sauti.

Halafu kuna deni.

Mnajua ninakokwenda. Mama amejifungua, pengine kwa kupasuliwa, hesabu imeletwa, pesa hazipo. Anaambiwa asitoke. Anahamishwa kitanda, anapelekwa kwenye benchi, au kwenye chumba cha wenye deni, na mtoto wake mgongoni, mpaka ndugu wachange. Oktoba 2018 shirika la habari la Associated Press lilitoa uchunguzi wake: katika hospitali na vituo vya afya zaidi ya 20 vilivyotembelewa Lubumbashi, ni kimoja tu ambacho hakikuwa na desturi ya kuwazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Kimoja. Na msidhani msalaba juu ya mlango unabadili mambo kila mara.

Nataka niseme kwa haki. Nesi naye ana watoto. Pale ambapo mshahara wa serikali haufiki, au unafika kama matone, mgonjwa ndiye mshahara wake, na dawa haziji bure. Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo, ulioanzia Kinshasa Septemba 2023, ni jambo la kupigiwa vigelegele, mradi anayezalisha alipwe kweli. Lakini kumzuia mtu kwa deni ni kitu kingine. Kifungu cha 17 cha Katiba kinalinda uhuru wa mtu, na hakuna hospitali iliyopewa mamlaka ya gereza. Na Mkristo, kabla ya kufika kwenye Katiba, ana la kujiuliza. Yule mtoto ambaye Mungu alimwaza kabla ya milima, usiku wake wa kwanza duniani amekuwa rehani. Gregori wa Nisa angeomba aone ile karatasi ya hesabu.

Kwa nini maparoko wetu hawalii juu ya hili kama wanavyolia juu ya kutoa mimba? Mnakumbuka mwaka wa 2018, Mkataba wa Maputo ulipochapishwa katika Jarida Rasmi la Serikali mwezi wa Machi, pamoja na kifungu chake cha 14 kinachoruhusu kutoa mimba kwa aliyebakwa, kwa mimba ya ndugu wa damu, na pale ambapo afya ya mama iko hatarini. Maaskofu Wakatoliki walikwisha kulipinga jambo hilo, na mimi ni mtoto wa Kanisa hilo, sitawaficha ninaposimama: naamini uzima ulio tumboni ni wa Mungu. Ila mama anayesikia tukilitetea tumbo lake kwa miezi tisa, kisha tukamwacha kwenye benchi la wenye deni mwezi wa kumi, ana haki ya kutuuliza tulikuwa tunatetea nini.

Vivyo hivyo kwa hukumu ya kifo. Machi 2024 serikali iliondoa zuio lililokuwa limeisimamisha tangu 2003, ikitaja wasaliti jeshini na majambazi wa mijini. Kwenye malango ya Kampemba watu wengi walishangilia, na ninaelewa. Aliyevunjiwa nyumba usiku haulizi habari za teolojia. Lakini tangu Agosti 2018 katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2267, inasema hukumu hiyo haikubaliki. Jambazi naye alitoka kule kule. Amefanya maovu, afungwe, alindwe asitoke. Mfano aliopewa hakupewa na mahakama, na mahakama haiwezi kuuchukua.

Dakika zangu zinaisha na kuna swali ambalo limefika kwa simu zaidi ya mara moja, nisilipite. Kwa kawaida linaulizwa na mwanamke, kwa sauti ya chini. Mtoto aliyezaliwa amekufa, au aliyekufa kabla ya ubatizo, ni mtu? Apewe jina? Azikwe vipi? Katika familia nyingi wanawake wawili watatu wanamchukua usiku, wanamzika bila kilio, na mama anaambiwa asilie, atazaa mwingine.

Wakubwa wa Kanisa wamelizunguka swali la roho inaingia lini kwa muda mrefu sana. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, alifikiri roho inatoka kwa wazazi pamoja na mwili. Agostino, Mwafrika mwenzake, aliandika sana juu ya hilo na akafa bila kuamua. Toma wa Akwino alisema roho ya kibinadamu inakuja baadaye, mwili ukishaumbika. Leo Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na kwamba mtu aheshimiwe kama mtu tangu mimba inapotungwa. Kuhusu wale waliokufa bila ubatizo, zamani tulifundishwa habari za limbo. Aprili 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikani, kwa ruhusa ya Papa Benedikto wa 16, ilitoa hati inayosema tuna sababu ya kutumaini kwamba Mungu anawaokoa.

Kwa hiyo jibu langu, mama, ni ndiyo, ni mtu. Mpe jina. Kama ni la babu, la babu. Kama ni mapacha, Kyungu na Kabange kama wengine wote. Hakuna nguvu aliyopaswa kuonyesha kwanza, wala kilio alichopaswa kulia. Na akikujibu mtu wa parokia kwamba asiyebatizwa hazikwi na Kanisa, usigombane naye. Mwambie afungue Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 1183, sehemu ya pili: mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla, askofu wa mahali anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa. Ruhusa inaombwa kwa askofu, kwa hiyo nenda mapema, usingoje asubuhi ya maziko. Na kama mtoto bado yuko katika chumba cha maiti cha hospitali kwa sababu ya deni, peleka habari hiyo kwa jumuiya yenu ndogo jioni hii hii, kabla hawajaanza kuchangia viti vipya vya kanisa.